Kuitoboa Madigadi ya Mbele Ili Rejeta ya Oili Ipate Upepo: Mwongozo Kamili

Chuchumaa mbele ya pikipiki ya trail, macho yako yawe usawa wa taa, halafu itafute rejeta ya oili, kile kisanduku cha mapezi kinachopoza oili ya injini. Mara nyingi huioni. Unachokiona ni madigadi. Mkia wake umeshuka nyuma ya shokapu na kuifunika rejeta kama upenu unavyofunika dirisha. Upepo unaohitajiwa na rejeta unapita juu ya mkia huo au unakimbilia pembeni, na rejeta inabaki kwenye kivuli. Pikipiki ikiwa nyepesi na barabara tambarare, hutagundua kitu. Ipakie mzigo, ipandishe mlima saa nane mchana, ndipo utajua.

Mimi nilijulia Kitonga, ule mlima wa kona nyingi kwenye barabara ya Iringa. Pikipiki yangu ni trail ya 250, silinda moja, rejeta ya oili imefungwa kwenye bomba la fremu chini kidogo ya shingo. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, mzigo nyuma, lori mbele, gia ya pili, mwendo wa kilomita 25 hadi 30 kwa saa kona hadi kona. Kufika juu, klachi ilikuwa inateleza na nyutro haipatikani. Nilizima, nikakaa pembeni nusu saa nikiisikiliza injini ikitoa ule mlio wa chuma kinachopoa, tik, tik, tik. Oili ilikuwa na wiki mbili tu tangu niibadilishe, lakini kwenye kijiti ilitoka nyepesi kama maji na harufu ya kuungua.

Hesabu ya upepo inaeleza kwa nini mlima ndio unaoumiza. Nguvu ya upepo unaosukuma rejeta hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 30 kwenda 60 kwa saa, msukumo hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kwenye mlima uko kilomita 30 na injini inatoa joto lake lote, kwa hiyo msukumo wa upepo ni robo ya ule wa tambarare huku joto likiwa kubwa zaidi. Ongeza na mwinuko: kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako ndiko ilipo Iringa, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Dar es Salaam. Kila upepo mdogo unaozuiwa na madigadi hapo ni hasara kubwa.

Mwongozo huu ni wa pikipiki ambazo tayari zina rejeta ya oili, iwe ya kiwandani au ya kufungwa baadaye. Pulsar NS160, Apache RTR 200 4V na Himalayan 411 zinatoka kiwandani nayo. Boxer na TVS HLX hazina, zinapozwa na upepo kwenye mapezi ya injini moja kwa moja. Kama yako ina rejeta ya maji, kama NS200, mambo mengi humu yatakufaa, lakini hiyo ina feni na joto lake hupimwa kwa namna nyingine.

Kwanza hakikisha mkosaji ni madigadi

Usiguse msumeno kabla ya hapa. Nimeona madigadi nzuri zikikatwa wakati tatizo lilikuwa kabureta inayotoa mafuta kidogo, au breki ya nyuma inayoshika muda wote, au rejeta iliyojaa matope makavu.

Anza kwa kuiosha rejeta. Tumia maji ya mpira wa kawaida kutoka nyuma kwenda mbele ili uchafu utoke kwa njia ulikoingilia. Mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi, na pezi lililolala ni ukuta. Mapezi yaliyolala yanyanyue moja moja kwa kijiti cha meno au kipande cha plastiki, si kwa bisibisi. Kazi hii inaweza kukuchukua saa nzima na inachosha macho, ila kuna pikipiki ambazo zinapona hapo hapo.

Kisha angalia ujazo wa oili na namba yake, vali, plagi, na kama magurudumu yote mawili yanazunguka huru ukiyainua. Angalia pia vitu ulivyoongeza mwenyewe mbele: taa za spoti, ngao ya miguu, begi dogo, plastiki ya kujikinga mvua. Honi kubwa iliyofungwa sentimita tano mbele ya rejeta inaweza kuzuia upepo kuliko madigadi nzima.

Yote yakiwa sawa na bado inachemka, pima joto. Multimita nyingi zenye waya wa kupimia joto zinatosha. Ncha ya waya ibane kwenye bomba la chuma la rejeta, upande oili inapoingia, uifunge kwa tepu ya umeme, juu yake weka kipande cha sponji ili upepo usiidanganye. Waya wa pili, kama unao, weka upande inapotokea. Zile bastola za kupimia joto kwa mwanga hudanganywa na chuma kinachong'aa. Ukiitumia, bandika kwanza tepu nyeusi na uipime hiyo tepu.

Chagua njia moja yenye mlima, mzigo mmoja, saa ile ile ya siku, na uandike. Oili ya 10W-40 au 20W-50 hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 90 na 120. Ikipita 130 kila unapopanda, inachakaa haraka sana, kwa sababu kwa makadirio ya watu wa vilainishi kila nyuzi 10 zinazoongezeka huifanya oili ioze karibu mara mbili ya kasi ya awali.

Tofauti kati ya kuingia na kutoka ndiyo inayosema ukweli. Oili ikiingia kwa 125 na kutoka kwa 122, inapita lakini hakuna upepo unaoipokonya joto. Hapo madigadi ni mshukiwa wa kweli. Ikiingia kwa 125 na bomba la kutokea liko vuguvugu tu, oili haipiti. Rejeta au bomba limeziba, na kukata madigadi hakutasaidia chochote.

Uone upepo kwa macho

Upepo hauonekani, lakini uzi unaonekana. Chukua uzi wa sufi wenye rangi kali, kata vipande vya sentimita nne, vibandike kwa tepu ya karatasi: safu moja juu ya madigadi, safu moja kwenye mkia wake, vingine pembeni mwa rejeta na vitatu vinne mbele ya uso wake. Vifupi, tafadhali, uzi mrefu utaingia kwenye spoku. Mwenzako apande pikipiki ya pili au akae kwenye gari, achukue video ukiwa kwenye kilomita 40 hadi 60 kwa saa, barabara isiyo na magari mengi.

Mimi niliirudia video yangu mara kadhaa nikiwa siamini. Nyuzi za juu ya madigadi zilikuwa zimenyooka kama mishale. Zile za mbele ya rejeta zilikuwa zinacheza ovyo, nyingine zimeelekea mbele, kinyume cha safari. Maana yake upepo nyuma ya mkia ulikuwa unajizungusha mahali pale pale. Rejeta ilikuwa inaoga hewa yake yenyewe iliyokwisha kupata moto.

Kumbuka mahali nyuzi ziliponyooka vizuri karibu na rejeta. Hapo ndipo penye upepo wa kukopa, na hapo ndipo mianya yako itakapokaa. Kwa madigadi nyingi za juu, ni ile sehemu ya mkia iliyo nyuma tu ya shokapu, kushoto na kulia kwa mgongo wa katikati.

Tochi na matope

Hapa ndipo wengi huharibu, nami nimo. Baada ya ile video nilichukua msumeno nikakata mkia wote. Joto lilishuka kweli. Wiki ya tatu mvua zikaanza, nikaenda kijijini kwa njia ya udongo mwekundu, na baada ya kilomita kumi na mbili hivi rejeta ilikuwa tofali. Tope lilikuwa limejaa kila pezi na limeshaanza kukauka kwa joto. Oili ilipanda kuliko ilivyowahi kupanda nikiwa na madigadi nzima. Nililazimika kununua madigadi nyingine na kuanza upya.

Lielewe tope linavyoruka. Gurudumu la mbele likizunguka, upande wake wa nyuma unapanda juu. Tope linaloachia chini ya usawa wa ekseli hurushwa juu na nyuma, yaani kwenye injini na rejeta. Linaloachia usawa wa ekseli hupanda wima hadi kwenye mkia wa madigadi. Linaloachia juu zaidi huenda juu na mbele. Kwa hiyo mkia ule unaouchukia ndio unaobeba kipigo.

Ila tope huenda kwa mstari ulionyooka, na upepo unakunja kona. Tofauti hiyo ndiyo inayotuwezesha kufanya kazi hii.

Kipimo chake ni tochi. Ngoja giza, inua gurudumu la mbele, halafu lala chini na tochi ndogo. Igusishe kwenye uso wa tairi upande wa nyuma, anzia karibu na ardhi, ipandishe polepole hadi juu, ukiielekeza kila mahali tope linakoweza kuruka. Mwenzako aitazame rejeta. Popote mwanga unapoigusa rejeta, tope litafika. Chora mipaka ya mwanga huo kwa chaki. Sasa unajua ni sehemu gani ya madigadi haina ruhusa ya kuondolewa, na ni wapi mwanya unaweza kukaa ikiwa tu utakuwa na ulimi, yaani kibao cha bati, wa kuuziba kwa upande wa tairi.

Ndiyo maana napenda sana walivyofanya Suzuki kwenye DR750 ya mwaka 1988, na Himalayan 411 baadaye: madigadi ya juu iliyochongoka kama domo kwa ajili ya umbo na upepo, na madigadi ya pili chini, karibu na tairi, kwa ajili ya tope. Tope linakamatwa mapema na nafasi yote ya katikati inabaki ya hewa. Kama unaweza kupata madigadi fupi ya chini inayoingia kwenye shokapu zako, na unakopita hakuna udongo wa mfinyanzi wa kunata, hilo ni suluhisho zuri kuliko kukata. Kwenye mfinyanzi usithubutu. Tope linajaa kati ya tairi na madigadi na gurudumu linafunga.

Kuchora kabla ya kukata

Vifaa: drili na biti za hatua au biti ya milimita 14, msumeno wa meno madogo au jigso, tupa bapa na ya mviringo, msasa namba 180 na 400, boksi la karatasi ngumu, maka peni, riveti za aluminiamu na washa pana, bati la aluminiamu la milimita 1, miwani ya macho.

Kabla ya kuifungua madigadi, ibane pikipiki chini. Pitisha mkanda wa kufungia mizigo juu ya usukani, ufunge kwenye ekseli ya mbele, ukaze hadi shokapu ziingie kabisa. Angalia tairi linafika wapi. Baadhi ya pikipiki zinabakiza vidole viwili tu. Weka alama: chochote utakachofunga chini ya madigadi kisishuke zaidi ya hapo ukiacha milimita 25, kwa sababu tairi lenye tope ni nene kuliko tairi safi. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, na uweke alama tena.

Sasa ukubwa wa mianya. Watu hudhani tundu kubwa ndilo zuri. Hewa inayoingia kwenye njia iliyozibwa vizuri pembeni hupungua mwendo na kutanuka kabla ya kufika kwenye mapezi, kwa hiyo mlango wa robo hadi theluthi ya uso wa rejeta unatosha. Rejeta yangu ina uso wa sentimita 16 kwa 7, yaani sentimita za mraba 112. Robo yake ni 28. Nilikata mianya mitatu ya sentimita 7 kwa 1.4, jumla 29.4. Basi.

Hamishia kwenye boksi kwanza. Kata umbo la mkia wa madigadi kwa karatasi ngumu, toboa mianya, libandike mahali pake na uangalie kwa tochi na kwa macho. Karatasi ikikosewa unatupa, unakata nyingine.

Yapo maeneo usiyoyagusa. Milimita 30 kuzunguka kila bolti. Milimita 20 kutoka ukingoni. Na ule mgongo ulioinuka katikati: huo ndio unaoifanya madigadi isipigepige. Ukiukata, kwenye kilomita 80 kwa saa utaanza kuhisi usukani unatikisika na utadhani ni beringi.

Kukata

Geuza madigadi utafute maandishi ya plastiki upande wa ndani. Ikiandikwa PP, ni laini, inapinda bila kuvunjika, lakini haikubali gundi, kila kitu kifungwe kwa riveti au bolti. ABS ni ngumu na inapasuka kwa urahisi. Ikianza kuweka weupe karibu na biti, simama. Za faibaglasi hutoa vumbi linalochoma mapafu, vaa barakoa. Za chuma kata, piga tupa, halafu paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Toboa kwanza tundu la duara kila mwisho wa mwanya, ndipo ukate mistari miwili ya kuyaunganisha. Mwanya wenye kona kali hupasuka kuanzia kwenye kona. Wenye mwisho wa duara hustahimili mtikisiko. Weka kipande cha mbao chini, drili iende polepole. Biti ikizunguka haraka plastiki inayeyuka, inashika biti na kukurushia madigadi mikononi.

Kisha tupa, msasa 180, msasa 400. Pitisha kidole ukingoni macho ukiwa umefumba. Ukisikia jino hata moja, endelea. Ufa wa miezi sita baadaye unaanzia kwenye jino hilo.

Ndimi

Mwanya mtupu hauna maana sana, kwa sababu upepo unaoteleza juu ya plastiki utaruka tundu na kuendelea na safari. Unahitaji ulimi wa kuukamata na kuushusha, na ulimi huo huo uzuie tope kutoka chini.

Kata bati la aluminiamu vipande vitatu, kila kimoja kirefu kwa sentimita mbili kuliko mwanya. Kunja kila kipande kiwe na sehemu ya kulala, ya kupigilia riveti, na sehemu iliyosimama. Kipigilie kwenye ukingo wa nyuma wa mwanya. Juu kisimame milimita 10 hadi 15, kimeinamia mbele kidogo kama kiganja kinachokinga mvua. Chini, ongeza kipande kingine kinachoelekea nyuma, kwenye rejeta, kikiwa kimefunika mwanya kwa upande wa tairi. Ukikitazama kwa pembeni kinafanana na vibao vya dirisha la luva: hewa inapita kwa kujikunja na tope linagonga kibao.

Usizidishe milimita 15 juu. Madigadi ya juu tayari inashika upepo kama tanga. Ukiipandishia kuta, pikipiki itayumba kwenye mwendo mkubwa na pembeni mwa mabasi. Kushoto na kulia viwe sawasawa kwa rula, si kwa kukadiria.

Plastiki ya dumu la mafuta ya kula la lita 20 pia inafanya kazi kama huna bati, inakatwa kwa mkasi na haipati kutu. Ila ikae mbali na ekzosi, kwa joto lake inalegea. Popote unapopiga riveti kwenye plastiki weka washa pana pande zote mbili, la sivyo kichwa cha riveti kitazama na kuchomoka.

Rudia tochi. Nilipofanya mara ya pili mwanga ulikuwa bado unapenya kwenye mwanya wa chini, mstari mwembamba kama uzi juu ya mapezi manne au matano. Nilirefusha ulimi kwa milimita nane, ukapotea. Tangu siku hiyo rejeta hupata vumbi, haipati tope.

Mabawa ya pembeni, na mlango wa kutokea

Hewa ni mvivu. Mapezi ya rejeta yamebanana, kupita kati yake ni kazi, na ikiona nafasi ya sentimita mbili pembeni itapita huko. Kwa hiyo tengeneza mabawa mawili ya bati au dumu, kutoka ukingo wa madigadi hadi ubavuni mwa rejeta. Usiyafunge kwenye madigadi, kwa maana hiyo inageuka pamoja na usukani na rejeta haigeuki. Yafunge kwenye fremu au kwenye vishikizo vya rejeta, na uache mwanya wa kugeukia.

Nafasi ndogo zinazobaki kuzunguka rejeta zizibe kwa soli ya kandambili. Nasema kwa dhati: ile sponji ngumu hainyonyi maji, inakatika kwa kisu, inavumilia mtikisiko, na ukiibana kati ya bati na rejeta inazuia pia vyuma visisuguane. Isiguse tu silinda wala ekzosi.

Halafu nenda nyuma ya rejeta. Mwongozo wa aina hii mara nyingi huishia mbele, na huko nyuma ndiko kazi inakofia. Hewa haiingii mahali ambapo haiwezi kutoka. Kati ya rejeta na silinda hedi pawe na angalau milimita 30 hadi 40 za wazi. Toa honi hapo, koili isogeze, nyaya zifunge kando ya bomba la fremu. Pembeni, chini ya tangi, pasiwe na plastiki inayofunga njia kabisa. Ikiwa ipo, itoboe pia kwa upande wa nyuma. Kwenye pikipiki yangu kusogeza honi peke yake kulibadilisha nyuzi za sufi kuliko nilivyotegemea.

Wavu wa kuzuia mawe ni mzuri kama matundu yake ni milimita 5 au 6. Wavu wa mbu usiweke. Unaziba upepo mwingi hata ukiwa safi, na mvua ikinyesha maji yanashika kwenye kila tundu.

Mwishowe ning'iniza kipande cha tyubu nene au mpira wa tairi kuukuu chini ya mkia wa madigadi, pande zote mbili za kati. Kinakamata lile tope linalorushwa kutoka chini ya ekseli. Kipimo chake ni tochi tena: kirefu kiasi cha kuua mwanga, kifupi kiasi cha kutogusa tairi shokapu zikiingia.

Kufunga na kujaribu

Madigadi ikirudi, weka bushi za chuma kwenye matundu ya bolti ili plastiki isipondwe, na gundi ya nati ya buluu kwenye nyuzi za bolti. Bomba la breki lisiguse bati popote. Washa injini, geuza usukani hadi mwisho kila upande; mngurumo ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umevutwa, rekebisha kabla hujatoka nyumbani.

Paka chaki nyeupe upande wa ndani wa madigadi na ndimi za chini. Endesha kilomita kumi kwenye mashimo na matuta, mwendo wa kawaida. Chaki ikifutika mahali, tairi limegusa. Hakuna mjadala hapo: fungua, punguza, rudia. Madigadi ya mbele ikishikwa na tairi ukiwa kwenye mwendo inakutupa mbele.

Kisha rudi kwenye mlima wako na multimita. Njia ile ile, mzigo ule ule, saa ile ile, na usitegemee miujiza. Nyuzi 5 hadi 10 chini kwenye kilele cha mlima ni kazi nzuri. Zaidi ya hapo furahi, ila kagua kama siku yenyewe haikuwa ya baridi. Angalia hasa ile tofauti ya kuingia na kutoka: ilipokuwa 3, ikifika 8 au 10, rejeta imeanza kufanya kazi yake. Isipobadilika kabisa, rudi kwenye nyuzi za sufi. Karibu kila mara jibu liko nyuma ya rejeta au kwenye nafasi za pembeni ulizoziacha.

Kama unaishi Njombe au Makete, Juni na Julai utapata shida iliyo kinyume. Asubuhi za baridi kali oili inaweza isifike hata nyuzi 80, na oili isiyopata moto haitoi unyevu na petroli vilivyoingia ndani yake. Utaona ute wa rangi ya maziwa kwenye kifuniko cha kujazia oili. Kata kipande cha tyubu cha kufunika nusu ya rejeta, kifunge kwa tai za plastiki, ukitoe jua likikolea. Changu hukaa chini ya kiti mwaka mzima.

Kila unapobadilisha oili, shika ndimi moja moja uzitikise. Riveti iliyolegea huanza na mstari mweusi wa vumbi la aluminiamu kuzunguka washa, muda mrefu kabla ya bati kuchomoka. Mvua za masika zikiisha, fungua mabawa, osha rejeta kutoka nyuma kwenda mbele, nyanyua mapezi yaliyolala, na ubadilishe kandambili kama imekuwa ngumu.